Bosi kasema "tutaona", na tumbo halingoji

Shangazi, shikamoo.

Nina mimba ya wiki 26, ya kwanza. Ni mhasibu msaidizi kwenye kampuni ndogo, sote hatufiki 15. Mishahara naandaa mimi, na kila mwisho wa mwezi anayefunga mahesabu ni mimi. Mwezi uliopita nilimfuata bosi nikamwambia nina ujauzito. Akanipongeza, akanipa mkono. Nilipotaja likizo akasema, "Tutaona." Tangu siku hiyo hajaligusa tena, nami naogopa kumkumbusha.

Neno lile lisingenitisha sana kama si yaliyompata dada mmoja tuliyekuwa naye ofisini. Alikwenda kujifungua, aliporudi akakuta mezani kwake pamekaa mtu mwingine. Hakufukuzwa. Aliwekwa mapokezi "kwa muda", na muda huo haukuisha mpaka akaacha kazi mwenyewe. Wakati ule nilikaa kimya. Sasa ni zamu yangu, na kila nikipita pale mapokezi moyo unaniruka.

Nyumbani nako kila mtu ana lake. Mume wangu anataka nifanye kazi mpaka siku ya uchungu, ili siku zote za likizo zibaki za mtoto. Mama mkwe anasema niache kazi kabisa, mtoto halelewi kwa simu. Mama yangu mzazi yuko kimya, na namjua, akinyamaza hivyo ujue hajakubaliana na yeyote. Mimi mwenyewe ikifika jioni miguu imevimba, viatu havivuki.

Halafu kuna suala la maziwa. Natoka nyumbani saa moja asubuhi, narudi saa kumi na moja jioni. Mtoto wa miezi mitatu atashinda na nini saa zote hizo?

La mwisho sijamwambia mtu. Shangazi, kazi yangu naipenda. Mahesabu yakikataa kulingana leo, kesho nikaipata ile tofauti ndogo mahali ilipojificha, nafurahi siku nzima. Naogopa kwamba mama mwenye mapenzi na mwanawe hatakiwi kuwa hivi. Nifanyeje?

Mhasibu wa wiki 26

*

Marahaba, mwanangu. Hongera kwa ujauzito.

Naanza na hilo la mwisho kwa sababu ndilo uliloliandika kwa sauti ya chini. Kuipenda kazi hakumpunguzii mtoto chochote. Nimelea watoto watatu huku nikifanya kazi, na siku nilizokuwa mama mgumu nyumbani ni zile nilizorudi nimedharauliwa ofisini, wala si zile nilizorudi nimechoka kwa kazi niliyoifurahia. Kwa hiyo hilo litue. Hujamkosea mtoto, na huna haja ya kumwomba mtu radhi.

Sasa tuje kwenye mpango. Wengi wetu tunaipanga likizo ya uzazi kuanzia siku ya kuondoka: lini nitaacha kuja kazini, begi la hospitali lina nini. Siku ya kurudi tunaiachia Mungu na bosi. Mimi nakuomba uipange kinyume chake. Anza na siku utakayorudi, kwenye meza ipi, kwa cheo kipi na mshahara gani, ndipo urudi nyuma hadi leo. Mengi uliyoniuliza yatajipanga yenyewe ukianzia huko.

Na usiingie kwa bosi kama mtu anayekwenda kuomba fadhila. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilipokutana kwa mara ya kwanza mwaka 1919 mjini Washington, miongoni mwa mikataba ya kwanza kabisa liliyopitisha ulikuwa wa kumlinda mzazi kazini, na wakati huo tayari walitaja wiki 12. Mkataba unaotumika siku hizi ni namba 183 wa mwaka 2000. Unataka likizo isiyopungua wiki 14, sita kati ya hizo ziwe baada ya kujifungua, na malipo yasiyopungua theluthi mbili ya mshahara. Tena unasema mama ana haki ya kurudi kwenye nafasi ileile, au inayolingana nayo kwa malipo yaleyale. Si kila nchi imeuridhia, na sheria ya kwenu inaweza kukupa zaidi au pungufu, kwa hiyo kabla ya lolote soma sheria ya kazi ya nchi yako pamoja na mkataba wako wa ajira. Angalia mambo manne: siku ngapi, nani analipa kati ya mwajiri na mfuko wa hifadhi ya jamii, taarifa itolewe mapema kiasi gani, na kama kuna muda ambao lazima uwe umeufanyia kazi kwanza. Kama kuna chama cha wafanyakazi au ofisi ya kazi iliyo karibu, waulize. Kuuliza si kushtaki.

Nilipofika kwa yule dada wa mapokezi nilisoma mara mbili. Umeandika "hakufukuzwa". Ndivyo inavyofanywa, mwanangu. Anayefukuzwa ana barua mkononi na anaweza kuipeleka mahali. Anayehamishwa "kwa muda" hana kitu, kwa kuwa tangu mwanzo hakukuwa na karatasi inayosema atarudi wapi. Likizo yake iliandikwa siku ya kuanza tu, kama iliandikwa kabisa.

Najua kwa sababu ni mimi huyo. Kwa mtoto wangu wa kwanza nilikuwa karani wa stoo. Nilijifungua mapema kuliko nilivyotazamia, sikuwa nimeandika hata mstari mmoja. Na zaidi ya hapo nilifanya kosa nililodhani ni ujanja. Daftari langu la mpangilio wa bidhaa nililificha, nikiamini kwamba wasipoelewa kazi yangu watalazimika kunisubiri. Hawakunisubiri. Waliajiri kijana mmoja, na kwa kuwa hakuachiwa kitu alipanga stoo nzima upya kwa namna yake. Niliporudi sikujua hata sabuni zimewekwa rafu gani. Nilikuwa mgeni kwenye chumba nilichokifagia miaka minne, na nikauliza "hiki kiko wapi?" mpaka nikaona aibu kuuliza.

Kwa hiyo fanya kinyume changu. "Tutaona" ya bosi wako naisikia hivi: mishahara ya mwezi ule ataiandaa nani? Pengine hana ubaya, ila hana jibu. Mpelekee jibu kabla hajalitafuta mwenyewe, maana akilitafuta mwenyewe atalipata kwa mtu wa kudumu.

Una wiki 14 mpaka 40, lakini ya makabidhiano hesabu hadi wiki ya 36 tu. Kabla ya hapo kuna mwisho wa mwezi mara mbili, pengine tatu. Mwombe bosi akutajie mapema atakayekushikia. Mwisho wa mwezi wa kwanza huyo akae pembeni yako, wewe ufanye yeye aandike. Wa pili afanye yeye, wewe ukae pembeni, mikono mapajani, hata kama anachelewa na vidole vinakuwasha. Ukipata wa tatu, afanye peke yake nawe uwe chumba cha pili. Huku nyuma andika mwongozo: tarehe gani kunafanyika nini, faili lipi liko wapi, nani wa kupigiwa benki ikikataa malipo, makosa gani hujirudia kila mwezi. Nywila zikabidhiwe kwa bosi kwa maandishi. Usimpe mwenzako yako aitumie kwa jina lako. Yakitokea matatizo wewe ukiwa wodini, jina lako halitakiwi kuwa kwenye malipo ambayo hukuyafanya.

Kisha mwongozo huo uwe na jina lako na tarehe kwenye ukurasa wa kwanza. Anayekushikia atakuwa anafanya kazi kwa mpangilio wako, na siku ukirudi utaikuta ofisi unayoitambua.

Baada ya hapo, barua. Iwe fupi, isiwe ya kulalamika. Tarehe ya matarajio kama ilivyo kwenye kadi ya kliniki, na nakala yake uiambatishe. Siku ya kuanza likizo. Siku ya kurudi. Kisha sentensi moja ambayo nakusihi usiiache: "Nitarejea kwenye nafasi yangu ya mhasibu msaidizi, na ndugu fulani atashikilia majukumu yangu kwa muda wa likizo pekee." Kama una siku za likizo ya mwaka ambazo hujazitumia, omba humohumo ziunganishwe mwishoni. Toa nakala mbili, moja wasaini kwamba wameipokea na waweke tarehe, ukae nayo nyumbani. Bosi akikujibu kwa mdomo koridoni, rudi mezani umwandikie barua pepe palepale: "Asante kwa mazungumzo ya leo, tumekubaliana kwamba..." Hakuna ugomvi hapo, na mhasibu hahitaji kufundishwa thamani ya stakabadhi.

Uanze lini? Mumeo anawaza vizuri kwa upande wa siku, ila anasahau kwamba tarehe ya matarajio ni makadirio tu. Kati ya watoto 20, anayezaliwa siku ileile iliyoandikwa kwenye kadi ni kama mmoja. Kuanzia wiki 37 mtoto anaweza kuja siku yoyote bila kuhesabiwa njiti. Mimi ningeanza wiki mbili kabla, na kila kitu cha makabidhiano kingekuwa kimeisha wiki ya 36, ili hata nikishikwa ghafla nisiache deni. Ukiona mwili umechoka kabla ya hapo, msikilize daktari au mkunga wako kuliko mtu mwingine yeyote, mimi nikiwemo.

Na miguu hiyo. Kuvimba miguu jioni ni kawaida kwa wajawazito wengi, hasa anayeshinda amekaa. Inuka kila saa, tembea, weka kitu cha kuegemeza miguu chini ya meza. Lakini uso au mikono ikivimba ghafla, kichwa kikiuma sana bila kutulia, macho yakiona ukungu, au ukipata maumivu makali juu ya tumbo, usisubiri siku ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Hizo zinaweza kuwa dalili za shinikizo la damu la ujauzito, ambalo likiachwa huleta kifafa cha mimba. Vilevile ukiona damu, au mtoto amepunguza kucheza.

Sasa maziwa, ambayo nadhani ndiyo yanayokunyima usingizi.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo, bila hata maji, kisha aendelee kunyonya huku akila hadi miaka miwili au zaidi. Chukulia una wiki 14 za likizo na umetumia mbili kabla ya kujifungua. Utarudi kazini mtoto ana wiki kama 12, na miezi sita ni wiki 26. Pengo lako ni wiki 14. Ukiongeza likizo ya mwaka linapungua. Nimekupigia hesabu makusudi: ni muda wenye mwisho, unaoweza kuuweka kwenye kalenda, na wanawake wengi wanauvuka.

Mtoto wa umri huo hunyonya kwa wastani mililita 750 hivi kwa saa 24. Wewe hupo saa kumi, kwa hiyo anahitaji takriban 300, tuseme milo mitatu ya mililita 100. Anza kukamua wiki mbili au tatu kabla ya kurudi, mara moja kwa siku, asubuhi baada ya kumnyonyesha, maana wengi huwa na maziwa mengi saa hizo. Siku za kwanza utapata kidogo mpaka utake kulia. Usikate tamaa, mwili unatengeneza kadiri unavyotolewa. Pampu ni nzuri ukiwa nayo, lakini mkono nao unatosha ukionyeshwa vizuri, na mkunga atakuonyesha. Nawa mikono kwa sabuni, tumia chombo safi chenye mfuniko, kiandike tarehe.

Maziwa uliyokamua yanakaa saa nne kwenye joto la chumba lisilozidi nyuzi 25. Kwenye joto zaidi, usiyaache nje. Kwenye kibebeo chenye vipande vya barafu yanafika saa 24. Kwenye friji siku nne, nayo uyaweke ndani kabisa, sio mlangoni. Kwenye friza, miezi sita bado ni mazuri. Yakishayeyuka tumia ndani ya saa 24 na usiyagandishe tena. Aliyobakiza mtoto baada ya kulishwa, yakipita saa mbili mwaga, hata kama roho inauma, na itauma. Ya kupasha, weka chombo ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu. Usitumie maikrowevu, inapasha sehemu moja na kumuunguza mtoto mdomo.

Ofisini utahitaji kukamua kila baada ya saa tatu hivi. Ukiruka, matiti yatajaa, yatauma, na yanaweza kuziba hadi ukapata homa. Huo Mkataba namba 183 unataja mapumziko ya kunyonyesha kila siku, yanayohesabiwa kuwa muda wa kazi na kulipwa. Kwa hiyo liweke hilo nalo kwenye mazungumzo yako na bosi sasa hivi, kabla hujaondoka: chumba gani, saa ngapi. Mtoto wangu wa pili nilimkamulia kwenye chumba cha makaratasi. Mlango haukuwa na komeo, nikawa nakiegemeza kiti kwenye kitasa, nimekaa juu ya boksi, kikombe mkononi, masikio yote nje nikisikiliza nyayo. Kila hatua ikipita maziwa yanakatika. Baada ya wiki mbili nikajikaza kumwambia mkubwa wangu, akaleta fundi siku ileile, komeo likawekwa kwa nusu saa. Hakuwa na roho mbaya, hakujua tu. Nililia wiki mbili kwa kitu cha nusu saa. Nakuomba usinirudie.

Anayebaki na mtoto, awe mama mkwe, yaya au kituo cha kulelea, mzoeshe kabla. Mara ya kwanza kumpa mtoto maziwa yaliyokamuliwa, wewe toka nje ya nyumba, kwa maana akisikia harufu yako atakataa kikombe na kudai titi. Ndiyo, kikombe. Hata mchanga anaweza kunywa kwa kikombe kidogo akishikwa vizuri, amekaa wima, polepole. Mnyonyeshe kabla ya kutoka na mara tu ukirudi, na usiku usimnyime. Homoni ya prolaktini, inayotengeneza maziwa, hupanda zaidi usiku, na titi la usiku ndilo litakaloshikilia maziwa yako ya mchana. Lakini mtu anayeamka usiku na kuingia kazini saa mbili asubuhi hawezi vilevile kupika, kufua na kuogesha jioni. Hapa namgeukia mumeo. Kama anataka siku zote za likizo ziwe za mtoto, mwambie jioni zote baada ya likizo pia ni za mtoto, na zake ni nusu. Kaeni muandike nani anafanya nini, sasa, tumbo likiwa bado tumbo. Mkisubiri, itaandikwa na uchovu, na uchovu huandika jina la mama peke yake.

Kwa mama mkwe usibishane. Ana hofu ya mjukuu, si chuki kwako. Mwite siku moja umwonyeshe kalenda: siku za likizo, siku ya kurudi, maziwa yatakuwa wapi, nani atakuwa na mtoto. Wengi wanaosema "acha kazi" wanachotaka kusikia ni kwamba mtoto amefikiriwa. Akiona mpango anaweza hata kuomba kuwa sehemu yake. Mama yako mzazi naye mwulize wazi anawaza nini. Kimya cha mama kina maneno, na mengine utayahitaji.

Kuna jambo moja lisilopangika. Siku ya tatu hadi ya tano baada ya kujifungua wengi hulia bila sababu, kisha hupita ndani ya wiki mbili. Ikipita hapo bado huoni furaha, hulali hata mtoto akilala, au unawaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, huo ni ugonjwa, unaitwa sonona ya baada ya kujifungua, na una tiba. Mwambie mumeo jambo hili leo, ili alijue kabla, kwani wewe mwenyewe unaweza usilione. Na likija karibu na siku ya kurudi kazini, omba daktari akuandikie muda zaidi. Hakuna mahesabu yanayozidi hilo.

Siku ya kurudi usiiweke Jumatatu. Iweke Jumatano au Alhamisi, wiki ya kwanza iwe fupi, upate Jumamosi ya kukaa na mtoto na kurekebisha yaliyokwama. Wiki mbili kabla, mwandikie bosi mistari miwili kumkumbusha tarehe, ukirejea barua ile. Ukifika, kaa na aliyekushikia saa nzima akueleze mwezi kwa mwezi, na umshukuru mbele ya watu. Kwenye droo weka blauzi ya akiba, ya rangi nzito au yenye maua, kwa sababu utasikia mtoto wa mtu analia dirishani na maziwa yatatoka yenyewe.

Barua iandike usiku wa leo, mwanangu. Kesho ipeleke kabla bosi hajaingia kwenye kikao cha kwanza. Ukishasainiwa nakala yako, niandikie.

Shangazi yako